Tovuti Ihame, Barua Pepe Ibaki

Kampuni ndogo ya Dar es Salaam au Nairobi ina tovuti iliyozeeka na anwani za barua pepe zenye jina lake, vyote viwili kwenye seva moja inayolipiwa kila mwaka. Sasa inataka duka la mtandaoni kwenye Shopify, au tovuti ambayo katibu mwenyewe ataweza kuihariri kwenye Wix. Kabla ya kuhama inauliza swali la haki kabisa: barua pepe zetu zitabaki? Mkanganyiko unaanzia hapo. Fundi mmoja anasema badilisha seva za majina, mengine yatajipanga yenyewe. Mwingine anaapa kwamba ukigusa seva za majina umeua barua pepe. Wa tatu anadai kikoa chenyewe lazima kihamishwe kutoka kwa msajili wake. Wa nne anasema lolote likiharibika, subirini saa 48.

Barua pepe hazina sababu ya kukatika eti kwa kuwa tovuti imehama. Zinapokatika, aliyehamisha tovuti amebadilisha kitu kikubwa kuliko alichohitaji kubadilisha, au hakutazama barua zilikuwa zimeegemea wapi. Mafundi hao wanne wanazungumzia ngazi tofauti za kikoa, na mteja anayewasikiliza hajaambiwa kwamba ngazi hizo zipo.

Jina moja, kazi mbili

Kikoa ni jina tu. DNS, mfumo uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, kazi yake ni kujibu maswali kuhusu jina hilo, na maswali yenyewe ni ya aina mbalimbali. Kivinjari kinauliza tovuti iko kwenye seva yenye namba gani. Jibu lake ni rekodi ya A, au kwa jina linaloanza na www CNAME, yaani rekodi inayolielekeza jina kwenye jina jingine. Seva ya barua inayotaka kukuletea ujumbe inauliza swali lake: barua za jina hili zinapokelewa na seva ipi? Hilo linajibiwa na rekodi ya MX. Utaratibu wa MX uliandikwa na Craig Partridge katika waraka wa RFC 974 wa Januari 1986, kabla wavuti haijabuniwa, na shabaha yake ilikuwa barua za jina fulani ziweze kupokelewa na mashine nyingine kabisa. Mfanyabiashara anayehamisha duka kutoka Kariakoo kwenda Sinza habadilishi S.L.P. yake, anabadilisha ubao wa nje na ramani anayowapa wateja. Kikoa kiliundwa kifanye kazi hivyohivyo.

Juu ya rekodi hizi kuna seva za majina, yaani seva zinazoshika daftari lenye rekodi zote za kikoa. Na juu ya seva za majina kuna msajili, ambaye kupitia kwake jina lako limeingizwa katika sajili ya taifa, ya .tz au ya .ke. Ngazi ni tatu, na kila moja hubadilishwa peke yake. Anayesema kikoa lazima kihamishwe kwa msajili mwingine ndipo tovuti ihame amekosea. Unaweza kukaa na msajili uleule miaka ishirini huku tovuti ikihama mara kumi.

Kama mambo yako wazi hivyo, mbona watu huumia? Ni kwa namna huduma hizi zinavyouzwa. Vifurushi vya kampuni nyingi za hapa kwetu hufunga kila kitu pamoja: kikoa, nafasi ya tovuti na masanduku ya barua, vyote ndani ya cPanel moja (paneli ya kuendeshea seva), ankara moja, namba moja ya simu. Mteja hajawahi kuziona ngazi hizo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha. Mara nyingi hata nywila ya akaunti anayo kijana aliyetengeneza tovuti ya kwanza, na ameshabadilisha namba ya simu.

Barua hupotea kimya kimya

Ubaya wa hitilafu hii ni kwamba haipigi kelele. Tovuti ikianguka, mtu anaiona saa ileile. MX ikitoweka, mambo huenda polepole. Kanuni za kusafirisha barua, RFC 5321 ya mwaka 2008, zinasema jina lisipokuwa na MX, seva inayotuma ichukue rekodi ya A kuwa ndiyo mpokeaji. Rekodi ya A sasa inaelekea kwenye seva mpya ya tovuti, ambayo mara nyingi haipokei barua kabisa. Seva ya mtumaji haikati tamaa: inaweka ujumbe kwenye foleni na kujaribu tena na tena, na kanuni zinaielekeza iendelee kwa siku 4 au 5 kabla ya kusalimu amri. Siku zote hizo mwenye kikoa anadhani wiki imekuwa tulivu, na mteja aliyetuma LPO, yaani agizo la ununuzi, anadhani amepuuzwa.

Seva mpya ikiwa inapokea barua lakini haina sanduku la jina hilo, ujumbe unarudishwa hapohapo. Inaudhi, lakini mtumaji angalau anajua apige simu.

Kuna namna ya tatu, na mafundi wengi huisahau. Seva yenye cPanel ina mpangilio wa njia ya barua: ama inajiona ndiyo mpokeaji wa barua za kikoa, ama inajua kwamba barua zinapokelewa kwingine. Tovuti ikihamia kwenye cPanel mpya huku barua zikibaki Google au kwa mwenye seva wa zamani, na mpangilio ukaachwa kwamba seva hii ndiyo mpokeaji, basi kila ujumbe unaotoka kwenye fomu ya mawasiliano ya tovuti kwenda info@ ya kampuni hauondoki kamwe kwenye seva hiyo. Haitazami MX hata kidogo. Barua za kutoka nje zinafika vizuri, kila jaribio linafaulu, na maombi ya bei kutoka kwenye tovuti yanazama kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu.

Wala hasara haiishii kwenye oda. Anwani ya kampuni ndiyo inayopokea nywila mpya za iTax ya KRA, za akaunti ya BRELA, za benki. Na ikiwa akaunti ya msajili wa kikoa imefunguliwa kwa anwani ya kikoa hichohicho, siku barua zikikatika unakuwa umejifungia nje ya chombo pekee ambacho kingezirudisha.

Wanaosema: badilisha seva za majina

Ushauri huu una nguvu zake, na kuubeza ni kutowatendea haki wanaoutoa. Mteja anabadilisha mistari miwili mitatu kwa msajili, basi. Mwenye seva mpya anaweka rekodi zake mwenyewe, cheti cha usalama cha tovuti kinajihuisha bila kuombwa, na siku akibadilisha namba za seva zake hakuna wa kumwamsha. Wix huipendekeza njia hii. Kwa mtu asiye na fundi wa kumpigia simu, huo ni unafuu wa kweli.

Gharama yake ni kwamba umekabidhi daftari zima ili kubadilisha mstari mmoja. Daftari jipya linaanza likiwa na rekodi za tovuti tu. MX, SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako), DKIM, majina ya ziada kama ya mfumo wa ankara au wa matokeo ya wanafunzi: vyote vimebaki kwenye daftari la zamani, ambalo hakuna anayeliuliza tena. Kampuni kama Wix na Squarespace haziendeshi masanduku ya barua zenyewe; anayeyataka huuziwa Google Workspace. Kwa hiyo asiyenakili MX yake hana mahali pa kupokelea barua.

Kunakili nako kuna mtego. Huwezi kuiomba DNS ikupe orodha nzima ya rekodi za kikoa, kwa kuwa seva nyingi hukataa ombi hilo kwa sababu za usalama. Kwa hiyo mifumo inayojigamba kwamba itaingiza rekodi zako za zamani yenyewe hubahatisha majina yanayojulikana. Itaipata MX. DKIM, ile sahihi inayothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, imekaa chini ya jina la kipekee: kwenye cPanel huwa default._domainkey, kwa Google google._domainkey, kwa Microsoft 365 selector1._domainkey, na kwingine jina lolote. Ikiachwa nyuma, barua zinaingia kama kawaida lakini unazotuma zinaanza kuangukia kwenye taka. Jambo hili limekuwa kali tangu Februari 2024, Google na Yahoo walipoanza kumtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM, na wanaotuma kwa wingi wawe na zote mbili pamoja na DMARC, sera inayowaambia wapokeaji wafanye nini na barua isiyothibitishwa.

Tena kosa la ngazi hii halirudishwi haraka. Kwa majina ya .com, taarifa ya nani anashika daftari huruhusiwa kukumbukwa na seva za dunia kwa sekunde 172800, yaani siku mbili kamili. Ndiko ulikotoka usemi wa saa 48. Ni kweli kwa seva za majina. Kwa rekodi ya A iliyowekewa sekunde 300 unasubiri dakika tano. Fundi anayekuambia usubiri siku mbili baada ya kubadilisha rekodi moja anakuchelewesha kutafuta kosa lake. Na kikoa kilicholindwa kwa DNSSEC, yaani sahihi za kuthibitisha majibu ya DNS, kikihamishiwa seva nyingine za majina bila kuondoa kwanza rekodi ya DS kwa msajili, tovuti na barua huzimika pamoja kwa wengi.

Wanaosema: badilisha rekodi za tovuti peke yake

Hapa daftari linabaki lilipo. Unabadilisha A ya jina lenyewe na CNAME ya www, basi. Shopify, Squarespace na GitHub Pages huunganishwa hivi, na kwa macho ya haraka huu ndio msimamo usio na dosari. Lakini wanaoushikilia huahidi kwamba barua hazitaguswa kwa kuwa MX haijaguswa, na ahadi hiyo si ya kweli daima. Chukua kikoa tukiite mfano.co.tz, kilichowekwa kwenye cPanel na kuachwa kama kilivyo:

mfano.co.tz — A — 192.0.2.10
www — CNAME — mfano.co.tz
mail — CNAME — mfano.co.tz
mfano.co.tz — MX 0 — mfano.co.tz
mfano.co.tz — TXT — v=spf1 +a +mx +ip4:192.0.2.10 ~all

Tazama mstari wa nne. MX inaelekea kwenye jina lilelile la tovuti. Ukibadilisha A kwenda Shopify, MX haikuguswa hata herufi moja, lakini sasa inawatuma watu Shopify, ambako hakuna sanduku la barua. Jina la mail nalo, kwa kuwa ni CNAME ya jina hilohilo, limefuata. Mpangilio huu ni wa kawaida mno kwenye vifurushi vya cPanel, na huwafanya mafundi waangalifu waonekane waongo mbele ya wateja wao.

Tiba yake ni fupi, mradi ifanywe kabla. Kwanza mail igeuzwe kutoka CNAME iwe A yenye namba ya seva ya zamani, 192.0.2.10. Lazima iwe A, kwa sababu kanuni za DNS haziruhusu MX ielekee kwenye jina ambalo ni CNAME. Kisha MX isomeke mail.mfano.co.tz. Baada ya hapo unasubiri muda wa rekodi kukumbukwa uishe, ambao kwenye cPanel kwa kawaida ni sekunde 14400, yaani saa nne, unajaribu kutuma na kupokea, halafu ndipo A ya tovuti ibadilishwe. Ukishusha muda wa rekodi ya A hadi sekunde 300 siku moja kabla, hata ukikosea unarudi nyuma ndani ya dakika.

SPF nayo inataka jicho. Neno +a lilimaanisha seva yako ya zamani. Baada ya kuhama linamaanisha seva ya tovuti mpya, ambayo wateja wengine maelfu wanaitumia. Barua zako zitaendelea kukubaliwa kwa sababu namba imetajwa waziwazi, lakini umewapa wageni ruhusa ya kutuma kwa jina lako. Futa +a.

Halafu kuna simu za wafanyakazi. Waliojaza mfano.co.tz kama seva ya kupokelea barua wataona programu zao zinagoma ingawa MX iko sawa, kwa kuwa simu haisomi MX. Inakwenda kwenye jina ililopewa. Waelekezwe wajaze mail.mfano.co.tz. Mwenye seva wa zamani naye aulizwe kama cheti cha usalama kitaendelea kuhuishwa kwa jina hilo, maana vyeti vya bure vya Let's Encrypt vina uhai wa miezi michache tu, na onyo la cheti kilichokwisha hutokea wakati kila mtu ameshasahau kwamba tovuti ilihamishwa.

Onyo jingine ni la CNAME kwenye jina lenyewe. Mwenye tovuti mpya akikuambia uweke CNAME kwenye mfano.co.tz bila www, kataa. Jina lenye CNAME haliruhusiwi kuwa na rekodi nyingine yoyote, MX ikiwemo. Baadhi ya watoa huduma wa DNS wana njia za kulizunguka hilo. Kama wako hana, omba namba ya A.

Udhaifu mkubwa wa msimamo huu, hata hivyo, ni wa kibiashara. Daftari na masanduku bado viko kwa mwenye seva wa zamani. Mwaka unaisha, mhasibu anaona ankara ya seva ya tovuti ambayo kampuni ilishaihama, anaiacha. Akaunti inafungwa. Masanduku yote yanafutwa, na kwa kuwa daftari lilikuwa humo, tovuti mpya nayo inapotea. Walioshauri njia hii wanapaswa kuiandika kwenye ankara yenyewe: hii sasa ni malipo ya barua na DNS.

Wanaosema: tenga kila kitu

Kundi la tatu linataka daftari likae mahali pasipohusika na tovuti wala barua, kwa msajili au kwa mtoa huduma kama Cloudflare ambaye DNS yake ya msingi ni bure. Barua ziende Google Workspace, Microsoft 365 au Zoho. Tovuti ikae popote. Tangu hapo kila uhamisho ni mstari mmoja. Tovuti ikidukuliwa, barua ziko salama. Na jirani yako kwenye seva ya pamoja akituma taka hadi namba ya seva ikaingizwa kwenye orodha nyeusi, wewe huumii naye.

Kwa uimara wa kiufundi, hakuna njia inayoishinda hii. Bei ndiyo swali. Masanduku hayo hulipiwa kwa kila mtumiaji, kila mwezi, kwa dola, wakati cPanel ilikupa anwani nyingi kwa ada moja ya shilingi. Ofisi ya watu kumi na watano inauhisi mzigo huo. Na masharti hubadilika: Google iliacha kuwapokea wateja wapya kwenye toleo lake la bure Desemba 2012, na Januari 2022 ikatangaza kwamba hata waliokuwa nalo walitakiwa kulipa, ingawa baadaye iliwaruhusu wanaolitumia kwa mambo binafsi waendelee. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, nazo zina masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Hilo lisiwatishe mno wanaotoka kwa mwenye seva wa hapa, kwani wengi wao seva zenyewe wamezikodi ng'ambo.

Uhamisho wenyewe una kazi. Barua za zamani hunakiliwa kwa IMAP zikiwa bado kwenye seva. Kwa waliotumia POP3, inayoshusha barua kwenye kompyuta, mara nyingi ziko kwenye kompyuta moja ya ofisini na nakala haipo kwingine. SPF ya Google lazima iunganishwe na iliyopo kuwa mstari mmoja, kwa sababu kikoa chenye SPF mbili huhesabiwa kuwa na kosa. Na kwenye Cloudflare, jina la mail lisipitishwe kwenye ngao yao ya tovuti, kwa kuwa ngao hiyo hupitisha maombi ya tovuti, haipitishi barua.

Wapo pia wanaosema hama na vyote kwa pamoja kwenda cPanel mpya ya mwenye seva mwingine. Hoja yao ni ankara moja na mtu mmoja wa kulaumiwa. Ina mantiki kwa anayemkimbia mwenye seva mbovu, lakini inarudisha fundo lilelile litakalofunguliwa tena baada ya miaka mitatu.

Kupima

Kwa anayehamisha tovuti mwezi huu na masanduku yake yanafanya kazi, njia ya pili ndiyo ya kuanzia, kwa sharti kwamba MX imetenganishwa na jina la tovuti kwanza. Inagusa kidogo, na kosa lake hurekebishika upesi. Njia ya kwanza inakubalika kwa kikoa kisicho na barua, au pale ambapo rekodi zote zimenakiliwa kutoka ndani ya paneli ya zamani, moja baada ya moja, na kuwekwa kwenye daftari jipya kabla seva za majina hazijabadilishwa. Bila nakala hiyo ni kubahatisha na mali ya mteja. Njia ya tatu ndiyo ya kuelekea, polepole, kampuni inapoweza kulipia masanduku. Ila kipande chake cha kwanza, daftari kukaa nje ya mwenye seva ya tovuti, karibu hakina gharama na hakina haja ya kusubiri.

Ugumu wote huu unategemea jambo ambalo DNS yenyewe haiwezi kulitatua: nani ana nywila. Kampuni isiyoweza kuingia kwa msajili wake haina chaguo kati ya njia hizi. Inapokea ile itakayochaguliwa na fundi anayeshika akaunti. Kwa hiyo kabla ya kulipia tovuti mpya, kikoa kiandikwe kwa jina la kampuni, akaunti ya msajili ifunguliwe kwa anwani ya barua iliyo nje ya kikoa hicho, na orodha ya rekodi zote ichapishwe ikae kwenye faili ofisini.

Na siku ya uhamisho, ujumbe wa jaribio utumwe kutoka Gmail kwenda kila anwani, ujibiwe, kisha vichwa vya jibu lililorudi Gmail vifunguliwe na humo yatafutwe maneno spf=pass na dkim=pass. Fomu ya tovuti ijaribiwe peke yake. Akaunti ya zamani iendelee kulipiwa hadi majaribio yote yapite na masanduku yawe yamehamishwa. Kama masanduku yamebaki humo, haizimwi.